Matone Mawili ya Mafuta ya Karafuu

Mnanicheka, najua. Kijana akiniletea gita lake hapa barazani, kabla sijagusa uzi, kabla sijauliza lina nini, naliinamia nikalinusa pale shingo inapokutana na kichwa. Juzi mmoja wenu kamnong'oneza mwenzake, "Babu anatazama kama limechacha." Nilisikia. Macho ndiyo yaliyonitupa mkono, masikio bado ni yangu.

Basi leo nitakwambieni kwa nini nanusa. Lakini kwanza nikufundisheni kazi, maana hadithi bila kazi ni porojo tu, na porojo nyinyi mnazo za kutosha.

Gita lisilokaa sauti mnalijua. Unalipatanisha nyuzi vizuri, unapiga nyimbo mbili, ya tatu limeshapotea. Kila anayekuja kwangu huniambia, "Babu, vigingi vimekufa, vinarudi nyuma." Huyo keshajitibu mwenyewe, amekuja kwangu kuchukua dawa tu. Vigingi vya gita la umeme vina meno ya chuma, havirudi nyuma ovyo kama vile vya udi, ambavyo hushikana mti kwa mti. Usikimbilie kigingi. Tazama kwanza uzi umefungwaje. Kama umezungushwa kama kamba ya mbuzi, mzunguko juu ya mzunguko, utajikaza na kujilegeza mpaka Kiama. Mizunguko mitatu inayoshuka kwa mpango inatosha. Halafu uzi ukiwa mpya, ushike katikati, uvute polepole, utie sauti tena, uvute tena, mpaka ukatae kushuka. Mwalimu wangu alikuwa akisema, "Uzi mpya bado una matumaini. Uvute mpaka yauishe." Mimi nilikuwa nikicheka. Siku hizi sicheki.

Ukishamaliza hapo, ndipo uje kwenye kizingiti. Hilo ni jina letu la karakana, tulikiita hivyo kile kipande chembamba kilicholala mwisho wa shingo, chenye vijia sita, kila uzi na njia yake, kwa sababu hakuna uzi unaofika kichwani bila kukivuka. Kijia kikibana, uzi unakwama. Unakaza kigingi, uzi hausogei; unapiga wimbo, ghafla unaruka. Ugonjwa mwingi wa gita uko hapo. Wangu mimi pia ulianzia hapo.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kombo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja hapa Chake Chake, na hapakuwa na chombo kisichopita mikononi mwake: udi, fidla, kinanda cha mkono, hata gramafoni. Mimi nilikwenda kwake nikiwa mtu mzima, seremala wa milango na vitanda, nimechoka na milango. Wiki ya kwanza aliniachia udi uliobanduka uso, akaenda zake msikitini. Aliporudi akakuta nimeupigilia misumari. Misumari minne, midogo, nimeipanga vizuri kabisa. Aliutazama ule udi kitambo, akanitazama na mimi, kisha akaniambia, "Faki, mlango hauimbi." Akakaa siku tatu akiing'oa na kuziba matundu, na mwenye udi alipokuja akamwambia kazi imechelewa kwa sababu gundi ilikuwa mbovu. Nilidhani ule ulikuwa mzaha wake. Sikujua kwamba ndivyo alivyoumbwa, kwamba aibu ya mtu akiiona aliifunika kwanza, maswali baadaye.

Nyinyi hamkuziona zama za siasa ile ya vyama, na mnaposimuliwa mnadhani wazee wanatia chumvi. Hapana chumvi. Kisiwa kizima kiligawika kama kitambaa. Mtu alikuwa hanunui sukari kwenye duka la asiyekuwa wa chama chake. Palikuwa na visima viwili mahali palipotosha kimoja. Ndugu walisusiana harusi, wakasusiana na maziko, na Waislamu wote, kibla kimoja. Mimi nilikuwa chama hiki na Mzee Kombo alikuwa chama kile. Dukani hatukuitaja siasa hata siku moja. Tulitaja nyuzi, gundi na muhogo.

Kitu kilichokuwa bado kimetukusanya mjini hapa ni kilabu yetu ya taarabu. Wa chama hiki na chama kile walikaa mkeka mmoja, wakavumiliana kwa ajili ya muziki. Na muziki wenyewe ulipata mgeni: gita la umeme, jekundu, limeshatumika, mwenzetu mmoja alirudi nalo kutoka Mombasa pamoja na spika yake. Umeme tulikuwa tukiazima kwenye jenereta ya Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, mtu mwema, alikuwa akivuta kiti chake nje asikilize. Mpigaji alikuwa Shaame, kijana wa Kojani, wa chama chetu, mikono yake imekomaa kwa kusokota kamba tangu utoto. Ungemtazama vidole usingedhani vinajua upole. Vilijua.

Lakini gita halikukaa sauti. Lilikuwa na mkono wa chuma pembeni, ukiubonyeza sauti inatetemeka, na Shaame aliupenda mkono ule kupita kiasi. Kila akiubonyeza, nyuzi hazirudi zilipotoka. Fidla iko hapa, gita liko kule. Watu wakaanza kusema kilabu imekwisha, na waliosema hivyo ndio waliotaka iishe.

Idi ikawa inakaribia. Ada yetu ilikuwa kupiga Idi mosi, baada ya alasiri, katika uwanja wa Tibirinzi, mji mzima umevaa vipya. Wa chama chetu wakasema gita lipelekwe Mombasa, lisipelekwe kwa Kombo, atatuharibia. Shaame akawakatalia. "Yakhe, hakuna mwengine," alisema. "Na siku zenyewe hazipo."

Basi likaja mezani kwetu. Mzee Kombo akalikagua siku nzima bila kulifungua skurubu moja. Kisha akaniita.

"Kizingiti hiki ni cha plastiki," akasema. "Vijia vyembamba, uzi haupiti. Tutavipanua kidogo, kidogo kabisa. Lakini Faki, nisikilize. Likikataa siku ya Idi, hawatasema limekataa. Watasema Kombo kaliharibu, kwa kuwa Kombo si wao. Na ntu akishasemwa hapa Chake, hakuna maji ya kumwosha. Basi hili nitalifanya mie mwenyewe. Weye usiliguse."

"Sawa, Mzee."

"Hata kulifuta vumbi."

"Nimesikia, Mzee."

Jinsi alivyofanya, muishike hii, ni elimu. Hatukuwa na tupa nyembamba kiasi kile. Alichukua uzi mkuukuu wa gita, ule mnene uliozungushiwa waya, akaufanya tupa. Kila uzi una unene wake, basi kila kijia akakisugua kwa uzi wa unene wake, akienda na kurudi, akipuliza, akitazama. Kisha akachukua penseli ya skuli, akaikwangua risasi yake ikawa unga, akautia mle vijiani. Unga wa penseli ni mkavu na unateleza, hauli kitu. Akafunga nyuzi, akazivuta, akatia sauti, akaubonyeza ule mkono wa chuma mara ishirini. Nyuzi tano zilirudi kamili. Ule mwembamba kabisa ulirudi umepungua unywele mmoja.

"Linatosha," akasema. "Kijia kitajizoesha. Na Shaame nitamwambia mkono ule autumie kama chumvi."

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akaenda kuswali. Ilikuwa siku moja kabla ya Idi. Nami nikabaki dukani na lile gita, mimi na ule unywele mmoja.

Sitakudanganyeni. Sikufanya kwa ubaya, wala hakuna aliyenituma. Nilifanya kwa kiburi. Nilitaka Mzee arudi akute uzi unarudi kamili, aulize nani kafanya, niseme mimi. Miaka mitatu nilikuwa pale na bado watu wakiingia walisema, "Mzee yupo?"

Kwenye mtoto wa meza mlikuwa na kichupa cha mafuta ya karafuu. Mzee alikuwa akitia kwenye jino lake bovu. Nyumba gani Pemba haina kichupa hicho? Mimi nilipokuwa seremala niliyatia kwenye bawaba, kwenye makufuli, na mke wangu aliyatia kwenye cherehani, na kila kitu kililainika. Nikachukua unyoya wa kuku, nikadondosha matone mawili, nikapitisha mle vijiani, vyote sita. Nikaubonyeza ule mkono wa chuma. Uzi mwembamba ukarudi kamili. Nikaubonyeza tena na tena. Ulirudi kila mara, wallahi, kamili kama ulivyokuwa. Nikalifunika gita na kitambaa chake, nikafuta unyoya, nikakaa kitako kumsubiri.

Aliporudi hakulijaribu. Alilichukua kama lilivyofunikwa, akalilaza kabatini, akafunga. Nikasema moyoni, si neno, atajua kesho.

Lisikilizeni hili na mliandike. Mafuta ya karafuu yanakula plastiki. Si plastiki zote, lakini ile ya magita ya zama zile yaliila. Hayaili pale pale. Huanza kwa kulainisha, na unapodhani umetibu, ndipo yanapoingia ndani. Usiku mzima yalifanya kazi yake katika kabati lenye joto, nyuzi zimekazwa juu yake.

Idi mosi. Uwanja umejaa, watoto na maputo yao, wanawake upande wao, wazee wamewekewa viti mbele, Mzee Kombo miongoni mwao na kanzu yake mpya. Shaame akatia sauti. Nilimwona akikunja uso. "Nyuzi zimekaa chini leo," aliniambia. Nikamwambia ni joto. Wimbo wa kwanza ukaenda nusu, gita likaanza kushuka. Akakaza kigingi, kadiri alivyokaza, ndivyo uzi ulivyozama kwenye kizingiti kama kisu kwenye boga. Akakaza tena. Uzi mwembamba ukalalia chuma cha kwanza cha shingo, ukawa unalia kama nzi kwenye chupa. Watu wakacheka. Watu wakicheka bado una nafasi. Lakini cheko likakatika, akasikika mtu mmoja wa upande wetu akisema, wala hakupaza sauti, "Kombo kafanya makusudi."

Ilitosha. Mpiga ngoma akashusha ngoma yake. Wa chama kile wakasimama, na sisi tukasimama. Mkeka ule uliotuweka pamoja ukawa na watu wawili tu juu yake, Shaame na mpiga fidla.

Wakamwita Mzee Kombo. Alikuja taratibu, akaliomba gita. Akagusa kizingiti kwa ukucha, ukucha ukaacha alama. Akakiinamia, akanusa.

Alinyanyua macho akanitazama. Nilikuwa hatua nne tu kutoka kwake. Hakunitazama kwa hasira, na ningelipenda iwe hasira. Alinitazama kama siku ile ya misumari. Kisha akaufuta mkono wake kwenye kanzu mpya, akamrudishia Shaame gita.

"Kosa langu," akasema. "Nimekata vibaya."

Kinywa changu kilikuwa hapa hapa, usoni pangu. Ulimi ninao. Nilihitaji maneno mawili, "ni mimi," na wale vijana wa chama changu wangenitukana, labda wangenipiga kibao, yakaisha. Nilinyamaza. Na nikuambieni kilichonitia uchungu maisha yangu yote: aliposema vile, moyo wangu ulitua. Nilipumua. Mtu anabeba mzigo wangu mbele ya mji mzima, na mimi napumua.

Yaliyofuata hayana urefu. Kilabu ilipasuka kabla ya Ijumaa. Wa chama chetu hawakumjibu tena salamu Mzee Kombo. Waislamu, siku za Idi. Wa chama chake walimtetea wiki moja, kisha wakasema, lakini mwenyewe si kakiri? Basi mzee amechoka, mikono imekufa. Upande mmoja ukamwita mwovu, upande wa pili ukamwita hajiwezi, na fundi hawezi kuishi na lolote katika hayo. Akakaa dukani miezi, mlango wazi, haingii mtu. Alikuwa akipangusa vyombo visivyo na vumbi. Kisha akanambia anarudi kwao Msuka, kule kaskazini, akalime muhogo. Benchi aliniachia mimi. Nililipokea, nikamsaidia na kufunga mizigo yake. Mwezi haukuisha, watu wakarudi dukani. Wakiingia hawakuuliza tena kama Mzee yupo.

Nilikwenda Msuka mara moja. Nilijiambia nakwenda kumwambia. Nilimkuta kondeni, kofia imelowa jasho, akanifurahia kweli kweli. Mkewe, Bi Zeyana, akatuletea muhogo wa kuchemsha na kahawa. Tukazungumza kazi. Akanidadisi gundi napata wapi, udi wa fulani umekaaje. Halafu, akimenya muhogo, hakunitazama:

"Faki, plastiki na mafuta ya karafuu havipatani. Walijua hilo weye?"

Alinifungulia mlango wazi, bawaba na zote. Nikasema, "Nimepata kusikia, Mzee."

"Aa. Umepata kusikia."

Akala kipande chake. "Basi waambie na wenzio," akasema. "Wasije wakaharibu vyombo vya watu."

Nikaaga. Nilijiambia nitarudi mwezi ujao nimwambie vizuri. Miezi ni mingi kwa mtu mwoga.

Habari ya kufa kwake ilinifikia keshazikwa. Nilipofika Msuka, Bi Zeyana alikuwa edani, nikatoa rambirambi nikiwa nje ya pazia. Akanishukuru. Kisha akasema, "Alikuwa akikutaja sana, mwanangu. Kila gari likipita alikuwa akisema, Faki atakuja, ana neno lake na mie. Lilikuwa neno gani?"

Nikamwambia silikumbuki. Hata pale. Mbele ya pazia la mjane.

Siku ya tatu nikavuka kwenda Kojani kumtafuta Shaame. Gita alikuwa ameliacha zamani, kizingiti hakikupatikana kingine na moyo haukurudi. Nilimkuta nje kwao anasokota kamba za makumbi. Nikakaa chini kando yake, nikasema yote: unyoya, matone mawili, kabati, mpaka Msuka. Nikamwambia, "Shaame, nisaidie. Wewe wanakusikiliza. Twende tukawaambie watu Mzee Kombo hakufanya. Jina lake angalau lisafike."

Hakuacha kusokota. Alimaliza pingili ile, akaanza nyingine.

"Yakhe Faki," akasema, "gita lilikuwa kifuani kwangu. Wadhani pua sina?"

Sikuelewa.

"Niliisikia harufu tangu natia sauti. Mpiga ngoma kaisikia, na yule aliyesema makusudi kaisikia vilevile. Na mikono yako ilikuwa ikinuka ulipokuja kuniambia ni joto. Nani Pemba hayajui mafuta ya karafuu?"

"Mlijua kuwa ni mimi?"

"Twajua tangu siku ile."

"Basi kwa nini mkamwachia mzee wa watu?"

Ndipo akaiweka kamba chini. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Weye ulikuwa wetu," akasema.